Kati ya Kifungo cha Pili na Kidevu

Nchi ninayoieleza hapa haipakani na nchi yoyote unayoijua, na viongozi wake hawafanani na kiongozi yeyote uliyewahi kumwona akishuka kwenye gari. Nasema hivi mapema ili tusije tukagombana. Ni nchi nzuri, yenye amani kubwa, na amani hiyo inalindwa na askari wengi sana.

Katika nchi hiyo ipo wilaya ya Mavumbini. Watu wake ni wakulima. Mawingu huwapita juu kwa juu yakienda kunyesha kwa wengine, na wao hubaki na chemchemi moja tu mlimani, nyembamba kama mkono wa mtoto. Maji ya chemchemi hiyo yakiachwa yateremke yenyewe hunywewa na mchanga kabla hayajafika shambani. Kwa hiyo watu wa Mavumbini walikaa, wakashauriana, wakachimba bwawa. Walichimba kwa majembe na sululu, wakabeba mawe kichwani, wakajenga ukuta upande wa bondeni na kuupiga lipu. Maji yaliingia usiku kucha kwa mfereji, na asubuhi mwenye zamu alichomoa kizibo cha gogo chini ya ukuta, maji yakaenda shambani kwake. Jioni kizibo kilirudishwa. Mambo yote yalikwenda bila karani, bila kikao, bila mhuri, na ndiyo maana Serikali iliyatilia shaka.

Wakati wa kuchimba, Serikali iliombwa saruji ikajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Bwawa lilipojaa, Serikali haikukawia. Ilifika asubuhi hiyohiyo ikiwa na hema, viti vya plastiki na utepe.

"Ndugu wananchi," alisema Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Magogwa, "bwawa hili ni matunda ya Serikali yenu sikivu. Ninyi mlichimba tu. Kuchimba hata fuko anachimba. Lakini ni nani aliyewatengenezea mazingira ya kuona kwamba hamna maji?"

Watu walipiga makofi, kwa sababu jua lilikuwa kali na walitaka kwenda nyumbani.

Mheshimiwa Magogwa aliamuru picha ya Kiongozi wa Nchi, ambaye huko huitwa Mheshimiwa Sana, ichorwe kwenye ukuta kwa ndani, upande unaotazama barabara kuu, ili kila msafiri aone ni nani aliyeleta maji. Fundi aliletwa kutoka mjini. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchora vichwa kwenye kuta za vinyozi, kwa hiyo kichwa alikiweza vizuri. Lakini bwawa lilikuwa limejaa na yeye hakujua kuogelea. Aliketi kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kamba, akachora kile kilichokuwa juu ya maji: uso, tabasamu, tai, na vifungo viwili vya koti. Hapo maji yalianzia, na hapo Mheshimiwa Sana aliishia.

Hakuna aliyeona tatizo. Katika nchi hiyo kila mradi hukaguliwa siku ya uzinduzi, na siku ya uzinduzi maji yalikuwa tele.

*

Fundi alipoondoka, kesho yake zamu ilikuwa ya Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mama wa mabinti wawili na shamba moja dogo la vitunguu, lililokuwa la kwanza kabisa chini ya bwawa. Mume wake alikuwa amefariki, na kwa muda mrefu aliishi nyumbani kwa kaka yake, ambako wifi yake Namsifu alifunga sukari kwa ufunguo na kuwauliza watoto, kila walipocheka, wanacheka nini. Bwawa lilipokamilika, Nakijwa alihamia kibanda chake mwenyewe kando ya shamba, akapanda miche.

"Nenda," wifi yake alimwambia. "Chumba chako kipo, hatukipangishi. Tutawaweka mbuzi kwanza. Vitunguu vikikushinda utawahamisha."

Asubuhi hiyo basi, Nakijwa alichomoa kizibo. Maji yalipita kwenye matuta kwa sauti ndogo ya kupendeza, na mabinti zake wakakimbia pembeni wakishindana nayo. Kabla hayajafika tuta la mwisho, gari la Mkuu wa Wilaya lilipita barabarani, likasimama kwa kishindo, likarudi nyuma.

"Nani amemkata Mheshimiwa?" alipiga kelele Magogwa akishuka.

Nakijwa alishika jembe lake kwa mikono miwili. "Nani kakatwa, Mheshimiwa?"

"Wewe mama, huoni? Mbona hana tumbo?"

Nakijwa aliutazama ukuta. Maji yalikuwa yameshuka, na chini ya kifungo cha pili hapakuwa na Kiongozi. Palikuwa na lipu.

"Labda fundi hakummaliza," alisema polepole.

"Unasema Kiongozi wa Nchi hajamaliziwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo amemaliziwa?"

"Sijui, Mheshimiwa. Mimi namwagilia tu."

Kizibo kikarudishwa siku hiyo mbele ya askari. Tangazo lilisomwa sokoni kabla jua halijazama: kuanzia sasa maji ya bwawa yasishuke chini ya kifungo cha pili, kwa kuwa huko ni kumkata Kiongozi, wala yasipande juu ya kidevu, kwa kuwa huko ni kumzamisha. Kati ya kifungo cha pili na kidevu wananchi wako huru kabisa kumwagilia, na Serikali inawatakia kilimo chema.

Uhuru huo ulikuwa wa shubiri moja na kidogo. Nusu yake ilikwenda kwenye maua ya ofisi ya wilaya, kwa sababu wataalamu walieleza kwamba maua hayana uvumilivu. Nusu iliyobaki ililiwa na jua.

*

Na jua la Mavumbini halikusoma tangazo. Liliendelea kunywa. Mgambo Chediel, aliyewekwa kulinda bwawa kwa rungu na benchi, aliona maji yakishuka yenyewe kuelekea kwenye kifungo, akapiga filimbi mpaka midomo ikamvimba. Maji hayakusimama.

Ndipo Serikali ilipogeukia zamu. Haikuzifuta, maana iliheshimu sana desturi za wananchi. Ilizigeuza tu. Zamani mwenye zamu alichukua maji bwawani akapeleka shambani. Sasa mwenye zamu alichota maji kwenye kisima cha bondeni akapeleka bwawani. Kila nyumba ilitoa mtu na ndoo. Watu walipanda mlima wakipita katikati ya mashamba yao yaliyokauka, wakamwaga maji mbele ya tai ya Mheshimiwa Sana, wakashuka kuchota mengine.

Ndoo ya Nakijwa ilikuwa na ufa mdogo chini. Njia ya bwawani ilipita pembeni mwa shamba lake, na kwa namna ambayo mimi siwezi kuieleza, kila alipofika hapo alichoka sana, akatembea polepole, akapinda huku na huku kati ya matuta kama mtu aliyepotea njia.

"Dada, ndoo yako inavuja," Chediel alimwambia siku moja.

"Imezeeka, Afande."

"Kila siku inavujia palepale."

"Na mimi nazeeka palepale."

Chediel alitazama miche. Ilikuwa midogo, ya kijani, imesimama kwa shida kama watoto walioamshwa mapema. "Wenzako kule chini vyao vimekufa vyote," alisema.

"Najua. Wanangu wanakuja kuiamkia kila asubuhi. Wanaitaja kwa majina."

"Miche ina majina?"

"Mmoja anaitwa Chediel. Ule pale uliopinda."

Chediel alikohoa, akarudi kwenye benchi lake. Hakuripoti ufa. Lakini matone ni matone, na miche ilianza kuwa ya njano kwenye ncha. Jumapili ile wifi Namsifu alipita akitoka kanisani, akasimama na mwavuli wake.

"Naona vinaiva mapema mwaka huu," alisema. "Nimeanza kuwazoesha mbuzi kulala nje."

Nakijwa aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akawakumbatia mabinti zake mpaka mkubwa akalalamika kwamba anambana.

*

Wananchi waliomba kuonana na Mkuu wa Wilaya, wakakubaliwa, wakaonana na Kamati. Kamati ilikuwa na wataalamu wa maji, wa ujenzi, wa itifaki na wa mavazi. Ilikaa muda mrefu na kula vizuri. Mwishoni ilitoa taarifa ya kutia moyo: dawa ni kumchora Mheshimiwa Sana sehemu iliyobaki, hadi miguuni, ili maji yakishuka aonekane mzima.

Wananchi walishangilia. Kisha mtaalamu wa mavazi akauliza avalishwe nini. Wengine walitaka suruali ya suti, wengine gambuti za mkulima. Mmoja alisema gambuti zitadokeza kwamba nchi ina matope, akaombwa afute kauli. Walipokubaliana kwamba mguu mmoja uvae kiatu na mwingine gambuti, mtaalamu wa ujenzi aliinua mkono.

"Ili tumchore chini, sharti bwawa likauke," alisema.

"Haliwezi kukaushwa," alisema mtaalamu wa itifaki, "mpaka awe amechorwa chini."

Walitazamana kwa furaha, kama watu waliokuta kazi ya maisha. Kamati ilipongezwa, ikaongezewa muda.

*

Kisha habari zikaja kwamba Mheshimiwa Sana atafika Mavumbini kujiona.

Mheshimiwa Magogwa aliingiwa na homa. Shubiri moja haikumtosha tena, alitaka wingi. Mfereji ulifunguliwa mchana na usiku, kila nyumba ikaongezewa ndoo, ufa wa ndoo ya Nakijwa ukazibwa na Serikali bila malipo, na magari ya zimamoto yakaazimwa wilaya jirani. Nyumba zilizoungua huko kipindi hicho zilitumiwa salamu za pole. Maji yalipanda kifungo cha kwanza, yakapanda tai, yakapanda kidevu.

"Mheshimiwa, yanafika mdomoni," Chediel alionya.

"Mradi pua iko wazi," alisema Magogwa, "anapumua."

Siku ilifika. Askari walikuwa wengi kuliko miti. Kamera za televisheni zilipangwa kwenye tuta, na Mheshimiwa Sana akapanda jukwaani, mnene, mchangamfu, akijitazama kwenye maji kwa upendo.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mheshimiwa Sana alitoka mkoa wa Milimani, na watu wa Milimani na watu wa Mavumbini ni watani tangu mababu zao walipopigana vita wakachoka pande zote mbili. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia, akaja msibani kwenu akashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Watu wa Mavumbini husema wa Milimani hawaogi kwa kuogopa baridi. Wa Milimani husema wa Mavumbini wanakula panya. Mheshimiwa Sana aliupenda utani, hasa wakati wa kura.

"Watani zangu wala panya, hamjambo?" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Nimewaletea maji mnawe mikono mkishamaliza kula!"

Uwanja ulicheka. Maofisa walicheka pia, wakichelewa kidogo, wakitazamana kwanza. Halafu kukawa kimya, maana mtani akitupa neno sharti arudishiwe, na wanaume wa Mavumbini waliangalia bunduki na kuona vizuri wakague viatu vyao.

Nakijwa alikuwa nyuma ya umati na ndoo yake iliyozibwa. Ni mtu wa maneno machache. Hata salamu huitoa kwa sauti ya chini. Lakini asubuhi hiyo alikuta miche imelala yote, kuanzia tuta la kwanza hadi la mwisho, na binti yake mdogo akiuliza kama imekufa au imesinzia. Aliitua ndoo. Akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Jamani, mtani wangu anakufa maji!"

Umati mzima uligeuka.

"Mtu wa Milimani katiwa bwawani!" Nakijwa alilia akipasua njia kwenda ukutani. "Ukoo mzima haujawahi kuoga, leo mmemtupa peke yake kwenye kina! Maji yako mdomoni! Mwokoeni!"

Wanawake waliielewa kazi mara moja. Walijifunga kanga viunoni, wakapokea kilio kama wafanyavyo misibani. "Mtani wee! Ukifa nani atatunukia jasho?" "Mtani, shikilia hiyo tai!" "Mleteeni sabuni, lakini asiione, atakufa kwa mshtuko!"

Magogwa alikimbia akiwa na jasho hadi kwenye kola. "Mama! Nyamaza! Toka kwenye kizibo!"

"Mheshimiwa, maji yako mdomoni kwa Kiongozi," alisema Nakijwa. "Unataka yafike wapi?"

Magogwa alifungua mdomo. Kamera zilimgeukia.

"Sitaki yafike popote."

"Basi shika hapa, tumwokoe."

Mkuu wa Wilaya alitazama jukwaani. Mheshimiwa Sana alikuwa anacheka, kama desturi inavyotaka. Meno yote yalikuwa nje, ila macho yalikuwa yamebaki ndani. Kumwacha Kiongozi azame mbele ya taifa zima halikuwa jambo ambalo Magogwa angeweza kulieleza baadaye. Alishika kizibo. Walivuta pamoja, yeye na Nakijwa, na gogo likachomoka likamtupa chali kwenye tope na suti yake ya kijivu.

Maji yalitoka kwa mngurumo. Yaliingia kwenye shamba la Nakijwa, yakajaza tuta baada ya tuta, yakavuka, yakaenda kwa wengine. Ukutani yalishuka hadi kwenye kidevu, tai, kifungo, na kifungo.

"Mtani!" aliita bibi mmoja kutoka nyuma. "Suruali umeiacha Milimani?"

Mheshimiwa Sana alicheka tena, kwa muda mfupi zaidi. Kisha alishuka jukwaani, akamwinamia Magogwa sikioni na kumwambia jambo ambalo hakuna kipaza sauti kilicholinasa. Msafara ukaondoka.

*

Nakijwa alikamatwa kesho yake. Kwa kuwa utani si kosa, alishtakiwa kwa kumwokoa Kiongozi wa Nchi bila kibali. Shahidi alikuwa Chediel.

"Maji yalipopita kifungo cha pili," aliuliza mwendesha mashtaka, "uliona nini?"

Chediel alifikiri. Akisema hakuona kitu, amesema Kiongozi hana kitu. "Nilimwona Kiongozi akiendelea," alijibu.

"Akiendelea vipi?"

"Kwa kasi ileile."

Hakimu alijifuta uso. Alikumbuka pia kwamba kizibo kilivutwa na watu wawili na kwamba mmoja wao ni Mkuu wa Wilaya. Kesi ilifutwa kwa sababu ya joto.

Serikali, hata hivyo, haikubaki ilipokuwa. Kamati ilikaa upya, ikagundua kwamba chanzo cha matatizo yote ni maji yenyewe. Pasipo maji hakuna anayezama wala anayekatwa. Ikaamuliwa bwawa lifukiwe hadi kwenye kifungo cha pili, ili Mheshimiwa Sana asimame pakavu, na udongo uchukuliwe shamba lililo karibu zaidi, ili kupunguza usumbufu kwa wananchi.

Shamba lililo karibu zaidi lilikuwa la Nakijwa.

Miche ilikuwa imeinuka. Ilikuwa imenywa, imesimama, ncha za njano zimeanza kuisha. Watu waliletwa na ndoo zilezile na sepetu, wakasimama pembeni, na hakuna aliyetaka kuanza. Nakijwa alianza mwenyewe. Aling'oa mche mmoja mmoja na udongo wake, akaipanga ndani ya kanga mbichi kivulini, na mabinti zake wakaifunika kwa majani. Kisha alijitwika shamba lake kichwani, ndoo baada ya ndoo, akalimwaga bwawani pamoja na wengine. Hata Namsifu, ambaye nyumba yake nayo ilidaiwa mtu, alibeba udongo, na walipokutana njiani hakuwa na mwavuli wala maneno ya mbuzi.

"Utakuja leo, wifi?" aliuliza tu.

"Bado," alisema Nakijwa.

Mahali palipokuwa shamba pakabaki mwamba mweupe. Mahali palipokuwa bwawa pakawa sawasawa na kifungo cha pili. Magogwa alikuja kukagua. Alisimama barabarani, akatazama chini, uso ukambadilika.

"Nani amemzika Mheshimiwa?"

Ilikuwa kweli. Kiongozi wa Nchi alikuwa amefukiwa hadi kifuani, anatabasamu.

"Mheshimiwa," alisema Nakijwa kwa sauti yake ya chini, kanga yenye miche mikononi, "pangekuwa na mimea hapo mbele, ingekuwa kama amesimama shambani."

"Shambani?"

"Kama mkulima. Kama anakagua mazao."

Magogwa alikuwa anamchukia, lakini wapiga picha wa gazeti la Serikali walitarajiwa siku ileile. "Panda," alisema. "Upesi! Na vikinyauka, nitakufunga mimi mwenyewe."

Akatoa amri kali kabisa katika maisha yake: vitunguu vilivyo mbele ya Kiongozi visikose maji hata siku moja. Mfereji wa chemchemi ukaelekezwa huko moja kwa moja. Udongo ulikunywa, ukashiba, na yaliyobaki yakatokea kwenye tundu la kizibo chini ya ukuta, yakateremka shamba hadi shamba, mchana na usiku, bila zamu na bila ndoo. Mahindi yakaota Mavumbini. Mgambo Chediel alihamishia benchi lake kati ya matuta, akafukuza kuku na mbuzi kwa niaba ya dola. Serikali ilikuwa inamwagilia wilaya nzima na haikujua.

*

Majani ya vitunguu yalikua, yakaficha kifungo cha pili, yakayumba mbele ya tai. Magazeti yalimwita Mheshimiwa Sana Mkulima wa Wakulima. Ikapitishwa kanuni kwamba vitunguu vile ni vazi la Kiongozi na kwamba ni marufuku kuvivuna. Nakijwa alisomewa kanuni hiyo, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupalilia.

Lakini kitunguu kina tabia zake. Kikijaa chini, shingo yake hulegea na majani hulala yenyewe. Asubuhi moja yalianza kulala upande wa kushoto, na jua lilipofika utosini yalikuwa yamelala yote, na Mheshimiwa Sana akabaki amezikwa tena hadi kifuani, mbele ya barabara kuu, na simu ikaingia kwamba msafara wake uko njiani kuelekea mkoa wa pili.

Magogwa alifika na ofisi nzima ya wilaya nyuma yake.

"Yasimamishe!"

"Yamekomaa, Mheshimiwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Yenyewe tu."

"Yaambie yasubiri msafara upite!"

"Nimeyaambia," alisema Nakijwa. "Hata Afande Chediel ameyapigia filimbi."

Ving'ora vilisikika mbali. Magogwa hakuwa na muda wa Kamati. Alipiga magoti kwenye tuta la mbele, akakusanya majani kwa mikono yake miwili, akayainua mbele ya kifungo cha pili. "Wote!" alipiga kelele. "Shikeni!" Na wote wakapiga magoti, wataalamu wa maji, wa itifaki, wa mavazi, wakajikunyata nyuma ya majani ili wasionekane barabarani, kila mmoja ameshika mafungu mawili juu ya kichwa chake, wakiyatikisa kidogo kama upepo.

Vumbi la msafara lilionekana kwenye kona. Hakuna aliyethubutu kugeuza shingo.

Nakijwa alichukua kisu chake cha jikoni na gunia. Alianza na tuta la Mkuu wa Wilaya. Alifukua kwa vidole, akakata shingo kwa uangalifu ili jani lisitikisike, akakiweka kitunguu guniani: kikubwa, chekundu, kinachojaza kiganja. Akasogea kwa anayefuata. Mabinti zake walimfuata wakitambaa na magunia mengine. Chediel alikuwa amesimama wima, anapiga saluti kuelekea barabarani, mgongo wake ukiwa upande wa shamba.

"Mama, unafanya nini hapo chini?" Magogwa alinong'ona bila kushusha mikono.

"Napalilia, Mheshimiwa. Usitingishike, anakuja."

Magari yalipita, moja baada ya jingine, marefu, meusi, vioo vikiwa vimefungwa. Katika gari moja mkono mnene uliupungia ukuta. Ukuta ulitabasamu. Shamba lilisimama kijani, limenyooka, linayumba vizuri kuliko siku yoyote.

Ving'ora vilipopotea na vumbi kutua, Mheshimiwa Magogwa alishusha mikono iliyokufa ganzi na kujitazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, ameshika majani matupu.